Zamu ya Maji Ilipokwama Kwenye Kompyuta

Maji yakimwagika bure kando ya shamba kavu yana kelele mbaya kuliko mtoto mwenye njaa. Juma lile tuliyasikia mchana kutwa. Tangi la mradi wetu, pale juu kidogo ya Mitunguu, lilijaa hadi likatapika, maji yakashuka bondeni na kurudi mtoni, na huku chini ardhi ilikuwa imepasuka nyufa kubwa hivi kwamba, naapa, kuku wa jirani alitumbukia katika ufa mmoja akatokea kwenye shamba la mtu mwingine akiwa ameshaangua vifaranga. Mvua ya Elnino ilikuwa imetupiga ikaondoka, na nyuma yake likaja jua lililotaka kumaliza kazi. Maji yalikuwepo. Mabomba yalikuwepo. Kilichokosekana kilikuwa karatasi moja tu. Karatasi hiyo ilikuwa imekwama ndani ya kompyuta, na mtu wa kuulizwa habari za kompyuta nilikuwa mimi.

Mgeni atauliza kwa nini tusichukue kalamu tukaandika zamu za maji kama watu wa kawaida. Tulikuwa tukiandika. Kila kamati iliyoshika kalamu ilikumbuka kwanza ukoo wake, halafu marafiki wa ukoo wake, halafu kama maji yamebaki, wengine. Siku moja watu wakatoleana panga kwenye vali kuu na mzee mmoja akarudi nyumbani na sikio pungufu. Hapo wazee wa mila waliita kila mwenye shamba, wa kanisa na asiye wa kanisa, wakatuapisha. Kiapo kilikuwa na mambo mawili: zamu ya maji isiandikwe tena na mkono wa binadamu, na asiyeajiriwa kwa kazi hiyo asitie mkono ndani ya mashine itakayoipanga. Atakayekiuka, tumbo litamvimba. Mashemasi waliohubiri kila Jumapili kwamba hayo ni mambo ya giza walikuwa wa kwanza kukaa mbali na dirisha la ofisi.

Mashine tuliachiwa na injinia mgeni aliyekuja kutandaza mabomba. Ilikuwa inatumia mfumo wa Linux, na ndani yake aliweka kifurushi cha programu alichokitunga mwenyewe. Mzunguko mmoja wa maji ukiisha, programu hiyo ilipiga kura ya majina na kuchapa orodha, na mtu wa vali alifungua kwa kuifuata orodha ile bila kuongeza neno. Mashine haina shemeji. Watu wakatulia.

Mimi ndiye niliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Elimu yangu niliipata Embu kwenye madarasa ya usiku. Mchana nilipima majani ya chai Kibugu, jioni nikashuka mjini kusoma. Darasa letu lilikuwa na kompyuta mbili na wanafunzi karibu nusu ya wilaya, ukitaka kugusa kibodi ulipanga foleni ukiwa huna ndevu, ukafika mbele ukiwa mzee wa kanisa. Lakini mwalimu aliipenda Linux kuliko chakula, na alituambukiza. Nilipopewa cheti nilijiona mtu ambaye angeweza kuteremsha ndege kwa kutumia kibodi tu. Nikaja Mitunguu, nikakaa kwa shangazi yangu, dada ya baba, mama mjane asiyependa mtu asimame bila kazi.

Shangazi alikuwa na mishiri. Ni yale maharagwe membamba ya kijani ambayo sisi hatuli, yanapandishwa ndege na kupelekwa kwa watu wanaoyala na maganda yake. Kuingia katika kikundi cha wakulima wa mishiri kulimchukua miaka. Kabla ya hapo alikuwa akilima mashamba ya watu, akirudi jioni na mgongo wa kukunjwa. Mnunuzi alikuwa amewaambia wazi: atakayekosa kuleta mavuno msimu huu atatolewa, na nafasi yake kuna wanaoingoja. Na mishiri ya shangazi ilikuwa imetoa maua. Mishiri yenye maua ikikosa maji siku chache, maua yanadondoka na hadithi imeisha. Shamba lake lilikuwa mkiani kabisa mwa bomba, mahali ambapo hata maji yenyewe yalifika yamechoka.

Jumatatu asubuhi mzunguko wa zamani ulikuwa umekwisha. Nilikaa mbele ya mashine, nikaita programu ya zamu, nikangoja printa ianze kukohoa. Haikukohoa. Kwenye skrini ukaja mstari mmoja wa maneno ukisema kwamba programu haiwezi kuanza kwa sababu maktaba fulani haipo. Katika Linux programu haibebi kila kitu mgongoni. Mambo mengi huyakopa kutoka kwa faili za pamoja zinazoitwa maktaba, kama majirani wanaotumia kinu kimoja. Sasa kinu, kwa maelezo ya mashine, hakikuwepo.

Nilicheka kidogo. Tatizo dogo, nikajiambia, hili ni la kabla ya chai. Nikakichukua kifurushi cha zamu kwenye disketi ya akiba nikakiweka upya. Kikaingia vizuri, kikakataa vilevile. Nikauliza mashine habari za kifurushi chenye ile maktaba. Ikajibu kwamba kifurushi kipo, kimewekwa, hakina neno. Nikarudi kwenye programu: maktaba haipo. Ilikuwa kama rejista za ofisi nyingine, ambamo mtu anaonekana hai na mwenye afya, na nyinyi kaburi lake mmelipalilia juzi.

Nikaingia mwenyewe, kwa kibodi, kwenye kile chumba cha ndani ya mashine ambamo faili za maktaba hukaa. Nikaiona. Imekaa pale, nono, na jina lake refu lenye namba nyingi mkiani. Ipo, na haipo. Chai ilipoa mezani hadi nzi wakaogelea.

Jumanne nilijaribu kuleta maktaba nyingine kutoka kwenye rundo la disketi aliloacha injinia. Hapo ndipo nilijua mateso. Kifurushi hiki kilisema hakiingii bila kile, kile hakiingii bila cha tatu, na cha tatu kilisema hakiwezi kukaa nyumba moja na cha kwanza. Ilikuwa kama kwenda kuposa katika nyumba ngumu huku kwetu. Umeleta asali, unaulizwa blanketi ya mama. Umeleta blanketi, unaulizwa bunda la miraa la wazee. Umetoka mbio hadi Laare na kurudi na miraa, unaambiwa ile asali ya kwanza ilikuwa chache. Nilitembea ndani ya ofisi ile ndogo hadi sakafu ya simiti, nadhani, ikaanza kuonyesha njia.

Nje, watu walikuwa wamekaa kwenye ukuta wa tangi wakitazama maji yakimwagika. Jirani yetu mmoja, mwenye shamba la matikiti na mdomo usiojua kupumzika, alikuwa ameweka kambi chini ya dirisha langu.

"Injinia wa usiku," aliita. "Mbona mchana unakushinda?"

"Naifanyia kazi, mzee."

"Si wewe unaifanyia kazi. Hiyo mashine ndiyo inakufanyia kazi. Angalia vile umekonda."

"Nenda ukaangalie matikiti yako."

"Yamekuwa madogo sana, siku hizi siyaoni. Nimekuja kuangalia wewe."

Shangazi hakuja ofisini. Alikaa shambani. Jioni alirudi na kiganja kilichojaa maua meupe aliyoyaokota chini, akayaweka juu ya meza karibu na sahani yangu, akanipakulia muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe. Nilikula nikitazama yale maua. Muthokoi wa shangazi ulikuwa mtamu kiasi cha kumfufua mgonjwa, lakini siku ile niliutafuna kama vumbi.

Jumatano asubuhi niliamua kwenda Embu kumtafuta mwalimu wangu. Kwa kuwa kuondoka kwangu kulihitaji ruhusa, nilipitia kwa mwenyekiti wa mradi. Mwenyekiti alikuwa mtu mkubwa kwa kila namna: tumbo, sauti, shamba la ndizi. Nilimkuta katikati ya migomba yake na panga mkononi, akipunguza machipukizi. Shina moja la mgomba hutoa vichipukizi vingi vya kila ukubwa, na mkulima asipovipunguza vinanyang'anyana chakula hata mkungu unatoka kama kidole. Mwenyekiti alijulikana kwa kazi hiyo. Migomba yake ilisimama kama askari.

Nilimwamkia, nikamweleza safari yangu. Alikata chipukizi moja, akalisukuma kwa mguu, akaangalia kushoto na kulia. Hapakuwa na mtu, alikuwepo mbuzi tu.

"Kijana, nikuulize kitu. Si kwa ubaya."

"Uliza, Mwenyekiti."

"Kitu kikikatwa ndani ya ile mashine, hufa kabisa ama huchipuka?"

Nilihisi nywele zikinisimama hadi kofia ikanyanyuka. Lakini madarasa ya usiku yanafundisha uvumilivu.

"Inategemea kimekatwa nini," nikasema, "na kimekatwa na nani."

"Nani hatuongei. Hapa tunaongea mambo ya kilimo."

"Basi tuongee kilimo. Huyo mkulima alikata nini?"

Aliweka panga begani. "Huyo mkulima alikuwa ofisini, wewe umeenda Meru kutafuta karatasi za printa. Mashine ikaandika kwamba nafasi inaelekea kuisha. Na mkutano mkuu wa wanachama unakuja, hataki mashine izime mbele ya watu. Sasa akafungua ule ukurasa wa bluu wenye safu mbili, ule wewe hutumia kupanga faili. Akaingia chumba kimoja, akaona ni magugu tupu. Jina moja, mara tatu, mara nne. Moja mnene, zile zingine zimekonda hata hazina uzito. Wewe ukikuta shina la ndizi liko hivyo unafanya nini?"

"Napunguza."

"Unapunguza. Huyo mkulima alipunguza. Lakini hakuua mama. Kila shina aliacha mama mmoja mnene. Hiyo nakuhakikishia." Akamtazama mbuzi. "Nakuhakikishia vile nimesikia."

"Lakini ndizi, Mwenyekiti, unaacha mama na binti na mjukuu."

"Hiyo ni ndizi. Hapa nafasi ilikuwa kidogo."

Nilikaa chini kwenye majani makavu ya migomba nikacheka hadi mbuzi akakata kamba. Mwenyekiti hakucheka. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na mkono wake mmoja, kila mara, ulikuwa ukipita juu ya tumbo kama mtu anayepima iwapo bado liko kama lilivyokuwa jana. Hapo nikakumbuka kiapo, na kicheko kikaniishia.

Nilimweleza kwa lugha ya nyumbani. Wale wembamba hawakuwa watoto wa yule mnene. Yalikuwa majina yake. Maktaba moja huwa na faili moja halisi yenye jina refu, na kando yake vibao vidogo vyenye majina mafupi, vinavyoelekeza kwake. Programu huja ikiuliza jina fupi. Kama vile mama wa hapa kwetu ambaye kila mtu anamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza: futa jina hilo mdomoni mwa watu, acha lile la kitambulisho tu, na mgeni akija kumuulizia ataambiwa na majirani wote kwamba mtu huyo hayupo, naye amekaa hapo hapo anachambua mchicha.

"Kwa hivyo hakufa," alisema mwenyekiti.

"Hakufa. Anangoja kuitwa."

"Twende."

Hakungoja hata kuvua viatu vya shamba. Tuliteremka ile njia kwa mwendo ambao, kwa umri na uzito wake, ungempa medali. Kwenye ofisi niliketi, na nikakumbuka amri moja ambayo mwalimu aliitaja siku moja tu, kwa kupita, darasa likiwa nusu limelala. Amri hiyo hupita katika vyumba vya maktaba, humwuliza kila mnene aliyemo, "Wewe huitwa nani?", naye hulitoa jina lake fupi kutoka ndani yake mwenyewe, maana limeandikwa tumboni mwake, na amri inasimamisha kibao upya. Neno moja. Nililiandika, nikabonyeza.

Mashine ikanyamaza kidogo, ikarudisha alama yake ya kungoja. Linux haina tabia ya kupongeza mtu. Nikaita programu ya zamu. Printa ikakohoa, ikakohoa tena, na karatasi ikaanza kutoka na majina ya watu, moja baada ya jingine, kama watoto wanaotoka darasani.

Nilitafuta jina la shangazi. Nilishuka, nikashuka, nikalikuta karibu na mwisho. Kwa orodha ile angepata maji maua yakiwa yamekwisha kuwa mboji. Kidole changu kilikuwa bado juu ya kibodi. Kuipigisha mashine kura upya ni jambo la kufumba na kufumbua, na hakuna ambaye angejua.

Nilipoinua macho, shangazi alikuwa dirishani. Alikuwa amesikia printa akaja mbio na kanga yenye udongo.

"Liko wapi?" aliuliza.

"Chini, shangazi."

Alitazama kidole changu. Aliishi na mimi, alinijua.

"Toa mkono hapo," alisema. "Ukinipa maji ya hivyo nitayanyweshea nini? Nitakuwa naogopa hata kuchuma."

Nikautoa.

Watu wakajaa. Nilidhani nitabebwa juu juu. Karatasi ilibandikwa mlangoni, na yule wa matikiti akaisoma kwa kidole, halafu akanigeukia taratibu.

"Tangu Jumatatu imekufa," alisema. "Leo imefufuka kwa muda gani?"

"Dakika moja," alijibu mtu wa vali, ambaye alikuwa amesimama mlangoni. "Sikumaliza hata sigara."

"Dakika moja. Sasa mimi nikipoteza mbuzi, ukae na mimi tukimtafuta siku zote hizo, halafu leo unipeleke moja kwa moja mahali amefungwa, nitakuuliza nini?"

Minong'ono ikaanza. Nikajaribu kueleza habari za vibao na majina mafupi. Ukitaka kujua upweke, eleza habari za maktaba za Linux kwa wakulima ambao mashamba yao yanakauka.

"Aliifunga akingoja jina la shangazi yake litoke juu," akasema mwingine.

"Na liko wapi?"

Wakalitafuta. Wakalikuta kule chini. Yule wa matikiti akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli.

"Basi hata wizi hajafundishwa vizuri," alisema. "Hiyo shule ya usiku irudishe karo."

Watu wakacheka, mimi pia, lakini mzee mmoja kati ya wale walioapisha watu hakucheka. Alisogea mbele na fimbo yake. Alisema kwa upole kwamba mashine haifungwi na upepo. Kama kuna mkono uliingia ndani, ni lazima ujulikane ni wa nani, na hadi ujulikane karatasi ile si safi. Hakuna vali itafunguliwa. Kesho wazee wataitana, kesho kutwa watakaa.

Kesho kutwa. Nilimwona shangazi akifunga na kufungua fundo la kanga yake. Nilikuwa najua mkono ni wa nani. Mwenye mkono alikuwa amesimama ubavuni kwangu, ananuka jasho na utomvu wa ndizi, na sikumtazama, kwa sababu kama ningemtazama watu wote wangemtazama. Nilitazama viatu vyake. Vilikuwa vikihama: kushoto, kulia, kushoto. Nikaanza kutafuta namna ya kusema bila kusema, na kila neno lililokuja lilikuwa na jina lake ndani.

"Msisumbue wazee kuitana," alisema mwenyekiti. Sauti yake kubwa ilikuwa imebaki kidogo tu. "Ni mimi niliingiza mkono. Majina sikugusa. Nilikuwa nasafisha. Nilipunguza kama ndizi."

Watu wote wakamgeukia.

"Kama ndizi?" aliuliza wa matikiti.

"Kama ndizi."

"Kwa panga?"

"Kwa kidole, wewe mjinga."

Mzee wa fimbo alimtoa mwenyekiti kando, pamoja na wenzake wawili waliokuwepo. Walizungumza kwa Kimeru cha ndani, kile ambacho sisi vijana tunasikia nusu. Tukangoja. Nilikwenda hadi kwenye tangi nikarudi, nikaenda tena nikarudi. Shangazi aliniambia niache, nilikuwa nampa kizunguzungu.

Waliporudi, mzee alisema karatasi ni safi, maana majina hayakuguswa, na vali zifunguliwe sasa hivi. Mwenyekiti atatoa mbuzi wa kutakasa kiapo, na hadi mbuzi achinjwe siku ya Jumapili baada ya ibada hataweza kunywesha chochote chake maji yanayotoka kwa mashine hiyo. Jina lake kwenye karatasi litabaki palepale, lilikuwa la asubuhi ya Alhamisi, na halitafutwa na mtu. Lakini maji ya zamu yake yatapita kwenye lango lake bila kuingia, yashuke hadi mahali bomba linakoishia.

Watu wakageuka kumtazama shangazi. Mwenyekiti pia alimtazama.

"Ndizi zangu zinaweza kungoja," alisema, ingawa sote tulijua hazikuwa zinapenda kungoja. "Mama, maua yamebaki?"

"Sijui," shangazi alisema. "Naogopa kuhesabu."

Alhamisi tulikuwa mkiani mwa bomba kabla jua halijapanda, shangazi na mimi, na mwenyekiti aliyekuja bila kuitwa, amevaa koti la kanisani. Tulisikia bomba likipumua hewa kwa muda mrefu. Shangazi alikuwa ameinama kwenye mstari wa kwanza, akiinua majani kwa vidole viwili na kuchungulia chini yake, akienda kwenye mmea wa pili, wa tatu, bila kutuambia anaona nini. Sprinkla ya kunyunyizia shamba ilitema kutu, ikatema tope, halafu ikazunguka mara moja kama mlevi na kutupiga usoni. Mwenyekiti alirudi nyuma upesi, mikono juu, asije akaguswa na maji yale.

"Huku juu yameanguka," alisema shangazi kutoka katikati ya mishiri, akiwa amelowa, bado ameinama. "Huku chini yamo. Yamo mengi. Wewe, usisimame hapo kama nguzo ya simu, sogeza hiyo bomba huku."

Nikalisogeza.